SOMO LA KAZI ZA MIKONO: Namna ya kuchagua vipande vya kutengeneza komode



Somo la safari hii ni juu ya komode, ni kusema lile kabati fupi lenye masanduku ya kuvuta. Yale masanduku sisi huku tunayaita matirware. Watu wa pwani wanayaita saraka, lakini ugonjwa wake ni uleule: yanakwama, yanatoka mikono, yanaanguka chini. Wengine kati yenu watasema: "Mambo ya komode ni ya fundi wa mbao, sisi tunasoma biokimia." Ngojeni kidogo. Kwanza tutawaambia kisa kilichotuleta kwenye somo hili.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, wakati mvua inanyesha karibu kila mchana. Mwenzetu mmoja wa klase ya sita aliambiwa alete karatasi zake za kuzaliwa na za masomo, kusudi jina lake liandikwe kwa Examen d'État. Karatasi zilikuwa kwa nkambo wake, kule kambi ya zamani ya wafanyakazi, ndani ya tirware ya pili ya komode. Tirware haikufunguka. Alivuta pole, ikakataa. Alivuta kwa nguvu, ikakataa. Na siku ile ilikuwa ya mwisho ya kuleta karatasi. Basi akaweka mguu mmoja juu ya komode, akavuta kwa mikono yote miwili. Mkono wa chuma ukabaki katika vidole vyake, ubao wa mbele ukatoka, tripleksi ya chini ikapasuka. Karatasi alizipata, zimelowana pembeni. Jina lake likaandikwa. Lakini komode ya nkambo ilikuwa imekufa.

Jirani akasema: "Mukate kuni, munumue ingine ya kisasa ku soko." Nkambo akamwangalia tu, kiisha akatuambia sisi: "Banangu, hii komode bwana yangu aliiuza na feza ya kazi yake ya mugodi. Mule ndani njo munalala karatasi zake zote. Mukiniletea ingine, siku ile nayo itavunjika, karatasi nitaziweka wapi?"

Maneno yale si ya mama mmoja tu. Mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 juu ya kazi ya shaba. Wazee wengi wa Musonoi, wa Kapata na wa Luilu wanalinda bado karatasi za kazi: za Union Minière, na za kampuni ya Serikali iliyochukua fasi yake tangu mwaka 1967, ile tunayoiita Gécamines. Katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka. Kwa jamaa kama hizo, karatasi ya kazi haitupwi. Na mara nyingi fasi yake katika nyumba ni tirware moja, yenye kukauka na kufungwa vizuri.

Basi tulipakia ile komode juu ya shario, tukaisukuma mpaka atelie. Ilitukamata siku nne za posho. Yale tuliyojifunza, na makosa tuliyofanya, ni haya.

1. TAFUTENI KWANZA SABABU YA UGONJWA

Kosa la kwanza la watu wengi ni kukimbilia duka. Kipande kimevunjika, wananunua kipya, wanakifunga, na kiisha miezi sita kinavunjika tena. Ni kwa sababu gani? Kwa sababu kile kilichovunjika hakikuwa mgonjwa mwenyewe. Mkono wa tirware ya nkambo ulitoka kwa kuvutwa kwa nguvu. Ulivutwa kwa nguvu kwa sababu tirware ilikwama. Na tirware ilikwama kwa sababu gani? Hapo ndipo penye swali.

Mbao haifi hata ikikatwa. Inakunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Huku kwetu mvua inaanza karibu na mwezi wa kumi na inaisha karibu na mwezi wa ine; kiisha kunakuja miezi ya ukavu, hewa inakauka na vumbi inajaa kila fasi. Wakati wa mvua mbao inapanuka, wakati wa ukavu inapunguka. Lakini angalieni jambo hili: haipanuki sawasawa kila upande. Kwa urefu wa nyuzi zake karibu haibadiliki hata kidogo. Kwa upana ndiyo inatembea. Ubao wenye upana wa sentimeta 20 unaweza kuongeza milimeta 2, mara ingine zaidi, kati ya ukavu na mvua. Ndiyo maana tirware yenye ubavu mrefu wa kwenda juu inakwama mwezi wa kwanza na inacheza mwezi wa nane.

Hapa tunaungama kosa letu. Mwaka uliopita tulileta tirware ya mwalimu mmoja, imekwama wakati wa mvua. Tukachukua randa, tukakwangua mpaka ikawa inateleza sawa sabuni. Tulifurahi sana. Mwezi wa nane mwalimu alituita: tirware ilikuwa inaegama upande mmoja, na kwa sababu ya kuegama ikakwama upya, mbaya kupita mbele. Mbao tuliyoitoa kwa randa hatukuweza kuirudisha.

Tangu siku ile tunafuata njia hii. Tirware ikikwama wakati wa mvua, tunaitoa na kuiweka fasi kavu yenye hewa, chini ya kivuli, si juani, kwa juma mbili. Kiisha tunapaka shoki ya ubao kwenye mbavu zake, tunairudisha, tunaivuta mara tatu ine. Fasi shoki imefutika ndiyo fasi inayosugua. Pale tu tunapitisha karatasi ya msasa. Randa ni ya mwisho kabisa, na tunatoa kidogo sana.

Kwa komode ya nkambo, shoki ilituonyesha kwamba mbavu si zenye kosa kubwa. Kosa lilikuwa chini: zile mbao mbili ndogo ambazo tirware inatembea juu yake zilikuwa zimelika, mbele kuna shimo la kina cha milimeta 5. Tirware ilikuwa inaanguka mbele na kupanda nyuma, ikigonga juu. Mvua ilimalizia tu. Tungenunua mkono mpya na kuuacha ugonjwa ule, tungemrudishia nkambo shida yake.

2. PIMENI, ANDIKENI, NA KUBEBA KIPANDE CHA ZAMANI

Mbele ya kujua kipimo chochote, sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kununua mikono miwili sokoni, inangaa sawa zahabu. Tulipofika atelie matundu hayakupatana. Ya nkambo yalikuwa na milimeta 76 kati ya tundu na tundu. Ya sokoni 96. Feza ilikuwa imekwisha kwenda.

Kumbe kuna kanuni. Mikono mingi ya leo inatengenezwa kwa kufuata milimeta 32: mnapata 64, 96, 128. Lakini vyombo vya zamani mara nyingi vilipimwa kwa inchi, na inchi 3 ni milimeta 76. Mkiona 76, msitafute 75 wala 77. Jueni kwamba mko mbele ya kipimo cha inchi.

Namna ya kupima: msipime kutoka katikati kwa macho, kwa maana macho yanadanganya. Pimeni kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Kama matundu yana ukubwa mmoja, kipimo kile ni sawa na cha katikati kwa katikati.

Andikeni katika kikaratasi mambo haya matano mbele ya kuondoka kwenda kenkayeri:
- umbali kati ya matundu ya mkono;
- unene wa ubao wa mbele;
- unene na urefu wa vise ao wa buloni ya zamani;
- upana wa mfereji unaoshika tripleksi ya chini;
- upana, urefu na kimo cha tirware, na cha fasi inamoingia.

Tena bebeni kipande cha zamani mfukoni, hata kama kimevunjika. Muuzaji hawezi kubishana na kipande.

3. MKONO WA KUVUTIA

Tulipouangalia vizuri mkono wa nkambo tukasikia haya. Haukuvunjika hata kidogo! Mtu mmoja wa zamani alikuwa amepoteza buloni yake, akaweka mahali pake vise ya mbao. Vise ya mbao haishiki katika tundu la chuma lenye meno. Inakwaruza tu na kulegea. Kilichohitajika ni buloni moja ya milimeta 4. Ubao wa mbele ulikuwa na unene wa milimeta 18, tukachukua buloni ya urefu wa milimeta 25, kusudi milimeta 7 ziingie ndani ya mkono. Ikiwa fupi, itashika kwa meno mawili tu na itang'oka. Ikiwa ndefu sana, itafika mwisho wa tundu mbele ya kukaza, na mkono utaendelea kucheza. Bei ya buloni ile haikufika bei ya mkate.

Lakini kama mkono umevunjika kweli, muchague namna gani? Hapa sisi watoto wa Kolwezi tungepaswa kuwa wa kwanza kujua, kwa maana tunakaa juu ya shaba, na zinki nayo imetengenezwa katika mji huu. Shaba ikichanganywa na zinki, kwa mfano sehemu mbili za shaba na sehemu moja ya zinki, inakuwa ile shaba ya manjano, letoni, inayofaa sana kwa mikono na vitasa: haishiki kutu, na inavumilia kuvutwa. Tunaona makamyo yanatoka hapa na mabamba ya shaba. Kiisha mkono wa tirware tunaununua umetoka ng'ambo. Basi angalau tusidanganywe tunapoununua.

Bebeni sumaku ndogo, hata ile ya haut-parleur iliyokufa. Mkono ukivutwa na sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi ya manjano. Wakati wa mvua utashika kutu kwenye mikwaruzo. Usipovutwa, bado hamjajua. Ombeni ruhusa ya muuzaji, mukwangue kidogo upande wa nyuma kwa ncha ya musumari. Ukibaki wa manjano mpaka ndani, ni letoni. Ukitokea weupe wa majivu, ni mchanganyiko wa zinki na aluminyumu kidogo, umevikwa tu kanzu ya manjano. Ule haushiki kutu kama chuma, lakini ukivutwa kwa nguvu unakatika mara moja bila kujikunja. Kwa tirware nyepesi ya leso na soksi unafaa. Kwa tirware ya mashuka na nguo nzito, hapana.

Na kama hampati wenye milimeta 76? Msitoboe haraka matundu mapya. Hamisheni mikono mizima ya zamani kwenye matirware ya juu yanayovutwa kila siku, na ile mipya muiweke kwenye tirware ya chini kabisa. Hapo mtatoboa ubao mmoja tu, na macho hayatasumbuka sana.

4. MBAO ZA KUTEMBELEA

Hiki ndicho kipande kikubwa cha somo letu. Katika maduka ya leo kuna glisieri za chuma zenye vigololi. Ni nzuri, tirware inatembea bila sauti. Wenzetu wawili walitaka kabisa tuziweke kwa nkambo. Tukafanya hesabu. Glisieri za namna ile zinaomba karibu milimeta 13 kila upande. Fasi ya ndani ya komode ilikuwa na sentimeta 80. Tukitoa milimeta 26, tirware ingebaki na sentimeta 77.4. Ya nkambo ilikuwa na 79.4. Ni kusema tungekata tirware sentimeta 2, tuvunje kona zake zote na kuzijenga upya. Kwa matirware manne! Ingekuwa komode ingine, na nkambo alikuwa amekataa komode ingine.

Kwa hiyo tulichagua mbao juu ya mbao, kama ilivyokuwa. Lakini mbao gani? Mafundi wa huku wanajua miti yao. Mulombwa, ule unaotoa maji mekundu sawa damu ukikatwa, unapendwa kwa sababu ukikwisha kukauka hautembei sana kati ya mvua na ukavu. Lakini chagueni moyo wake, ule wa rangi ya kahawia. Ule mweupe wa kando ya ganda unaliwa na vidudu. Mubanga ni mgumu zaidi na unavumilia kusuguliwa kwa miaka mingi, lakini unachosha msumeno. Mti laini wa masanduku ya kusafirishia mizigo, ule wa palete, ni wa bure karibu na madepo, lakini chini ya tirware nzito unalika upesi.

Sisi tuliweka mubanga. Na hapa fundi mzee aliyetusaidia alituzuia tusipake kola. Alisema: "Kile kintu chenye kusugua kitaisha tu, hata kikiwa kigumu namna gani. Mufunge na vise, kusudi mutoto wa mutoto wenu akibadilishe bila kuvunja komode." Maneno haya tunaomba muyaandike katika kaye zenu. Kipande chenye kulika kisifungwe kwa milele.

Chini ya mbavu za tirware nazo zilikuwa zimelika. Kama tungeweka mubanga mpya chini yake na kuacha mbavu vile, ule mpya ungemaliza ule wa zamani. Kwa hiyo tulinyoosha ukingo wa chini, tukabandika kipande chembamba cha mulombwa, sasa hii kwa kola, nyuzi zake zikienda upande mmoja na nyuzi za ubavu. Zikipishana, moja ingepanuka na ingine hapana, na kola ingeachia.

5. CHINI YA TIRWARE, NA KONA ZAKE

Tripleksi iliyopasuka ilikuwa ya milimeta 4, na mfereji ulikuwa na milimeta 4 na nusu. Sokoni walitupa ya milimeta 6 wakisema ni nguvu zaidi. Ni kweli, ni nguvu zaidi. Lakini haiingii katika mfereji. Wengine wanaikataa kazi ya mfereji, wanaipiga misumari kutoka chini. Wakati ule uzito wote wa nguo unaning'inia kwenye vichwa vya misumari, na tripleksi inashuka mpaka inasugua mbao za chini. Tafuteni unene unaofaa. Na mkiipata, isukumeni ndani bila kola. Muifunge nyuma tu.

Kona za tirware zilikuwa zimejengwa kwa meno yanayoshikana. Yalikuwa mazima, kola tu ndiyo ilikufa. Musipige musumari katika kona kama hizo! Musumari unapasua jino, na kutu yake inakula mbao. Kola nyeupe ya mafundi inatosha, lakini ina sharti moja: haishiki juu ya kola ya zamani wala juu ya vernisi. Kwangueni mpaka mbao safi itokee. Kama kola ya zamani ni ile ya kahawia iliyotengenezwa kwa mifupa na ngozi, kitambaa chenye maji ya moto kitailainisha. Kiisha kaushe mbao, pakeni, mkaze.

Kama hamna vyombo vya kukazia, chukueni mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, mukate utepe mrefu, muuzungushe tirware mukivuta. Pimeni ulalo wote miwili, kutoka kona mpaka kona. Ikiwa sawa, tirware haikuegama. Iacheni mpaka kesho yake.

6. VISE NA MATUNDU YALIYOLEGEA

Tundu likilegea, watu wanatafuta vise nene zaidi. Leo inashika, kesho mbao inapasuka. Njia nzuri ni kujaza tundu. Chongeni kijiti cha mbao ngumu, mupake kola, mukipige ndani, mukikate juu. Kola ikikauka, mutoboe tundu dogo jipya na kurudisha vise ileile. Tundu la kutangulia liwe na unene wa mwili wa vise bila meno yake. Kwa mubanga hili ni sharia: bila tundu, vise itakatika ao mbao itapasuka.

Vise za letoni ni nzuri kwa macho, lakini ni laini. Katika mbao ngumu, ingizeni kwanza vise ya chuma ya kipimo kilekile, mtoe, kiisha muweke ya letoni. Chuma kimekwisha kufungua njia.

Neno moja juu ya komode za aglomere, zile za unga wa mbao uliobandikwa. Tusizicheke, nyumba nyingi ziko nazo. Lakini zikikunywa maji zinavimba na hazirudi. Pale vise imekwisha kung'oka, kijiti hakitoshi. Mara nyingi ni vizuri kuweka kipande cha mbao ya kweli upande wa ndani, na kufunga vise katika mbao ile.

7. KITASA

Nkambo aliomba kitasa kwa tirware ya karatasi. Kwa kitasa pimeni kutoka katikati ya tundu la ufunguo mpaka ukingo wa juu wa ubao wa mbele. Kama ni milimeta 25, kitasa cha 30 hakitafaa: ulimi wake hautafika ao utapita. Angalieni pia kama kitasa kinafungwa juu ya mbao, ao kinaingia katika shimo lililochongwa. Na mbele ya kununua, zungusheni ufunguo mara kumi dukani. Kikikwama dukani, nyumbani kitalala.

8. MATUNZO

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kutengeneza kumekwisha, kinachobaki ni kutunza.

Mbele ya mvua kuanza, toeni matirware yote, mufute vumbi, na kusugua bujia ao sabuni kavu kwenye mbao za kutembelea. Musipake mafuta wala grese: vumbi yetu ya Kolwezi inashikana nayo na inakuwa msasa. Wekeni komode mbali na ukuta sentimeta 5, hewa ipite. Chini ya miguu wekeni vipande vya mpira ao vya tofali, kusudi unyevu wa sima usipande, na kusudi mchwa akijenga njia yake muione. Mkikuta unga mweupe mdogo chini ya tundu dogo, vidudu viko kazini ndani. Tengeni kipande kile mbele havijafikia vingine.

Tena, miaka hii jamaa nyingi za mji wetu zimehama, kwa sababu migodi inasogea karibu na nyumba. Siku ya kuhama, toeni kwanza matirware, mubebe kila moja peke yake. Komode iliyobebwa imejaa inavunjika miguu, na karatasi zinamwagika katika kamyo.

MWISHO WA KISA

Siku ya posho ya ine tulirudisha komode. Hesabu yote ilikuwa hii: buloni moja, tripleksi kipande kimoja, vise kumi na sita, kola nusu chupa, kitasa kimoja, na mbao za mubanga tulizopewa na fundi. Ile mikono miwili ya kungaa bado iko atelie, imetundikwa ukutani. Tumeandika chini yake: "Tulinunua mbele ya kupima."

Nkambo hakusema mengi. Alivuta tirware ya pili kwa kidole kimoja, akaifunga, akaivuta tena. Kiisha akaenda chumbani, akarudi na karatasi zimefungwa katika kitambaa, akaziweka ndani moja moja, na katikati yake akaweka kikaratasi cha mwenzetu, kile cha kuandikwa kwa Examen d'État. Akazungusha ufunguo. "Sasa," akamwambia, "na diplome yako italala humu."

MAULIZO YA KUJIBU

1. Kwa nini si vizuri kupiga randa tirware iliyokwama mwezi wa kwanza?
2. Ubao wa mbele una unene wa milimeta 20. Mkono unaomba buloni iingie ndani milimeta 7. Mutachagua buloni ya urefu gani?
3. Fasi ya ndani ya komode ina sentimeta 60. Tirware yake ina sentimeta 59.5. Mkitaka kuweka glisieri za chuma zenye milimeta 13 kila upande, tirware itapaswa kupunguzwa milimeta ngapi?
4. Sumaku haivuti mkono wa tirware. Je, tunaweza kusema ni letoni? Elezeni.
5. Kazi ya nyumbani: pimeni tirware moja ya kwenu kwa kufuata mambo matano ya sehemu ya 2. Tafuteni kipande gani kinalika, na kama kimefungwa kwa vise ao kwa kola.

Majibu muyalete atelie siku ya posho, mbele ya chakula cha mchana. Mwenye tirware iliyokwama ailete pia, lakini aitoe mali yake kwanza.